Sura ya Mbeba Viti

Kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, hilo halikuwa na ubishi. Lakini mtu mwema naye ana karaha zake, na karaha ya mwisho ya huyu mzee ilimwangukia binti yake mkubwa, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake pia.

Jumamosi zahanati mpya ya mtaa ilikuwa inafunguliwa. Zahanati hiyo Baba ndiye aliyeihangaikia miaka nenda rudi. Aligonga milango ya maofisa mpaka walinzi wao wakawa marafiki zake, akashika sururu wakati wa kuchimba msingi, na kwa kuwa alikuwa seremala, akaranda mabenchi yote ya chumba cha kusubiria kwa mikono yake. Akafa kabla rangi ya milango haijakauka. Basi kamati ikaamua kwamba picha yake ikae ukutani mwa chumba kile, watu wakapiga makofi, na Mwenyekiti wa kamati akamgeukia Sindano kwa sauti ya upole.

"Mwanangu, sisi tunachoomba kwako ni picha tu."

Picha tu! Sindano alirudi kwa mama yake, akamwaga kitandani mfuko mzima wa picha za familia, na alipomaliza kuzipitia alitamani mzee afufuke kidogo ili yeye amgombeze. Katika picha za harusi yake yeye Sindano, Baba alikuwa mgongo tu nyuma ya keki, viti mkononi. Katika picha za mahafali ya mdogo wake hakuwemo kabisa, maana mpiga picha alikuwa yeye, na katika kila moja kidole gumba chake kilikuwa kimeziba pembe. Kwenye msiba wa babu kilionekana kiwiko chake chini ya sufuria. Kwenye mkutano wa mtaa alikuwa ameinama anaweka kigae chini ya mguu wa meza. Kwa kifupi, kidole gumba cha Baba kilipigwa picha nyingi kuliko uso wake.

"Mama, hivi huyu mume wako hakuwahi kusimama mahali hata siku moja?"

"Alisimama," Mama akajibu, ungo wa mchele mapajani. "Siku aliponioa. Na siku hiyo nayo alinyanyuka katikati, eti wageni wa nyuma hawana pa kukaa. Akaniambia nakuja sasa hivi."

Zamani kisa hicho Mama alikuwa akikisimulia huku anacheka mpaka anashika mbavu. Sasa hakucheka. Aliendelea kuchambua mchele ambao ulikwisha kuwa safi.

"Sikia, mwanangu. Mimi miaka yote nimewagawia watu mume wangu. Asubuhi wa watu, jioni akirudi kuna mtu mlangoni anamsubiri. Sikununa. Sasa mnamweka ukutani awe wa watu tena. Haya, muwekeni. Ila awe yeye. Juzi nilitaka kumkumbuka vizuri, sura ikanikimbia, nikaogopa. Mkinitundikia mtu mwingine pale, mimi mguu wangu hauingii, na nikiumwa mnipeleke zahanati nyingine."

Sindano alimjua mama yake. Akisema haingii, haingii.

Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu wa kukosa jibu, alichukua picha ya kitambulisho cha marehemu, akaipeleka kwa watengenezaji wa mabango, ikarudi imekuzwa kuwa kubwa kama mlango. Macho yalikuwa yamemtoka kwa kuambiwa asitikisike. Mama aliitazama kwa muda mfupi sana.

"Huyu anatafutwa na polisi? Na hiyo kola imemkaa vizuri hivyo, nani alimvalisha? Mimi huyu simjui."

Bango likakunjwa. Ndipo akaitwa Rangi Mbili, mchora mabango wa mtaa, aliyepata jina hilo kwa sababu bucha, saluni na gereji, vyote alivipaka nyekundu na nyeusi. Safari hii kamati ilimtafutia makopo ya rangi nyingine, akaambiwa achore moja kwa moja ukutani, kwa kuelezwa.

Kuelezwa ndiko kulikoharibu kazi. Alhamisi asubuhi chumba cha kusubiria kilijaa watu kama kwamba zahanati imekwisha kufunguliwa, na kila mtu alikuja na Baba wa kichwani mwake. Shangazi, dada wa marehemu, alishika pua yake mwenyewe na kumwamuru Rangi Mbili aichore hiyo hiyo, kwa kuwa ni pua ya ukoo. Muuza mkaa alikula kiapo kwamba mzee alikuwa mtu wa kutabasamu muda wote. Jirani wa ukuta mmoja akasema hapana, mzee alikuwa na uso wa kazi, kutabasamu alimtabasamia mkewe tu. Mwenyekiti alidai masharubu.

"Masharubu gani, Mwenyekiti?" Sindano aliuliza, roho ishampanda. "Baba alikuwa na masharubu lini?"

"Kidogo tu, mwanangu. Yampe heshima."

Rangi Mbili, masikini, alikuwa hajui kukataa. Aliweka pua ya Shangazi, akaweka tabasamu, akaliondoa, akalirudisha nusu, akaweka na masharubu ya heshima. Mchana picha ikaisha, watu wakarudi nyuma waitazame, na hakuna aliyethubutu kusema lililokuwa wazi, kwamba aliyekuwa ukutani pale alikuwa Mwenyekiti, amevaa pua ya Shangazi.

Na saa hiyo hiyo ndipo Mama alipotokea na chupa ya chai aliyomletea fundi. Alitazama ukuta. Akaiweka chupa chini taratibu, akageuka, akaenda zake.

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Sindano alimwangalia mama yake akiondoka, kisha akawageukia wale watu, na mtaa ukakumbuka kwa nini aliitwa vile.

"Tokeni! Shangazi, shikamoo yako nimekupa asubuhi, na wewe toka. Mnampenda Baba, najua, mmempenda mpaka mmemmaliza. Tokeni nje!"

Walitoka mbiombio. Sindano alichukua brashi akaupaka ukuta chokaa mwenyewe, kwa hasira, mpaka Mwenyekiti na masharubu yake wakapotea. Rangi Mbili alisubiri apoe.

"Sasa, dada, niambie wewe. Fumba macho umwone. Nami nachora unachokiona, sichori cha mtu mwingine."

Sindano alifumba macho. Uso haukuja. Alijaribu tena, akambana baba yake kichwani kama anavyombana mteja mkorofi, asimame, ageuke, atulie. Wapi! Alichokiona kilikuwa mgongo. Aliona shingo iliyokuwa mbele ya pua yake asubuhi za mvua, Baba anambeba kumvusha matope mpaka lango la shule, viatu vyake amevitia mifukoni mwa koti visilowe. Aliona mabega yakitangulia mlangoni kumfungulia mgonjwa wa jirani. Hata vipimo vya mashati, tangu alipoanza ufundi, alivichukua kwa nyuma huku anamkimbiza uani, maana mzee hakuwa na subira ya kusimama apimwe. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja, amekasirika.

"Uso sina," alisema. "Umesikia? Mimi mtoto wake wa kwanza, uso sina. Nina mgongo."

"Basi tuchore mgongo," Rangi Mbili akasema, kama mtu aliyeambiwa achore duka la viatu.

Sindano alivua futi yake shingoni, akaanza kupima ukuta. Upana wa mabega aliujua kwa kichwa. Bega la kushoto alilishusha kidogo, ndilo lililokuwa la kubebea mbao. Aliweka alama za chaki mpaka kwenye kisigino, akamwonyesha fundi mshono wa mgongoni unapovutika mtu anapobeba mzigo, akasema mikono yote miwili ishike viti vya kukunja, na mwendo uwe wa mtu aliyechelewa, kuelekea mlango wa daktari. Shati la bluu, lile la mwisho alilomshonea.

"Na kola, upande mmoja uingie ndani," alimalizia. "Kola zangu mimi zote zilikuwa sawa. Yeye ndiye alikuwa anavaa huku anakimbia."

Ijumaa jioni kamati ilikuja kukagua. Mwenyekiti alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Sindano! Hii ndiyo nini? Mzee wa watu anawapa wagonjwa kisogo?"

"Na pua?" Shangazi akadakia. "Pua ya ukoo mmeipeleka wapi?"

"Mwenyekiti," Sindano alisema, amechoka hata kugomba, "wewe ulizungumza na Baba lini akiwa amekutazama, na hana pa kwenda?"

Mwenyekiti alifungua kinywa amjibu. Akafikiri. "Alikuwa ananiambia nakuja sasa hivi," alisema hatimaye, polepole, na kofia akaivua.

Mama aliingia wakati huo. Nani aliyemwita, haikujulikana. Watu walimpisha, na Sindano akajikuta ameishika futi kwa mikono yote miwili kama kamba ya kisima, kwa sababu mama yake akigeuka tena na kuondoka, asubuhi ya kesho hakutakuwa na picha, na hakutakuwa na Mama.

Mama hakugeuka. Aliusogelea ukuta mpaka akawa karibu kuugusa, akaukagua ule mgongo kutoka juu hadi chini. Kisha akafyonza.

"Hata hapa?" alisema. "Watu wote hawa wanakuja kesho, na wewe na kola hiyo?"

Akanyoosha kidole kuitoa ile kola, kama alivyoitoa mlangoni kwake kila asubuhi ya ndoa yao, na kidole kikateleza kwenye rangi mbichi, kikaacha alama shingoni mwa mumewe.

"Mama, bado haijakauka!" Rangi Mbili aliruka na brashi. "Nitarekebisha, usijali."

"Usiguse."

Alikitazama kidole chake, bluu tupu, hakukifuta. Akaenda kukaa kwenye benchi la mbele, moja ya yale aliyoyaranda mumewe, akasogea kando akaacha nafasi.

"Haya," alisema, akiutazama ule mgongo. "Ukimaliza na hivyo viti, uje ukae."

Shangazi alikuwa wa kwanza kulia, kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Sindano alitaka kukaa pale kando ya mama yake, akaona ile nafasi haikuwa yake. Akakaa sakafuni, akaegemea magoti ya Mama, wakakaa hivyo mpaka mlinzi alipokuja kufunga milango.