Matanga ya Arizona

Walipofika kwenye ukingo wa lile bonde kubwa la Arizona, bonde halikuonekana. Kulikuwa na ukungu tu, mweupe, umejaa mpaka kwenye vyuma vilivyowekwa ili watu wasitumbukie. Anastazia alisimama pale, khanga ameifunga juu ya koti la mitumba alilolinunua Dodoma kwa ajili ya safari, akatazama mbele, kisha akamgeukia mwanawe.

"Liko wapi?"

"Lipo, mama. Lipo hapo hapo mbele yako. Ukungu umelifunika."

"Haya," alisema Anastazia. "Nimeliona. Twende."

Sila hakucheka. Alikuwa ameendesha gari tangu juzi kwa ajili ya bonde hilo. Alishika vile vyuma kwa mikono miwili, akasema labda wakisubiri kidogo upepo utafukuza ukungu. Wakasubiri. Kilichokuja kilikuwa theluji.

Sila aliondoka Kongwa mwaka themanini na sita kwenda kusomea madini, na masomo yalipokwisha akapata kazi huko huko Tucson. Barua zilikuja, picha zilikuja, yeye mwenyewe hakuja. Baba yake, Bartolomayo, mfugaji na mzee wa kanisa, alifariki kipupwe cha mwaka tisini na tatu. Wakampelekea Sila simu ya maandishi. Akajibu kwamba amepokea, na anasikitika sana. Basi. Disemba ikaja tiketi ya ndege kwa mama yake.

"Nenda," shemeji yake Ulimboka, ndugu wa marehemu, alimwambia Anastazia. "Ila usirudi peke yako. Mtoto hawezi kukaa ng'ambo kama vile aliyekufa ni jirani."

Anastazia alikwenda na ujumbe huo, lakini tangu ashuke kwenye ndege Sila hakumpa nafasi ya kuufungua mdomo wake. Kila kukicha ni gari. Alimwonyesha magogo ya miti yaliyogeuka mawe. Alimwonyesha vilima vyenye mistari myekundu na ya kijivu, na mimea ya miiba, mirefu kuliko nyumba. "Simama hapo mama, nikupige picha." Akasimama. "Geuka kidogo." Akageuka. Jioni hata chakula alikiona kazi.

Nchi yenyewe ilikuwa kavu, vichaka vya miiba na vumbi jekundu, na upepo wa baridi unaokata masikio. Anastazia alikuwa ameishi kwenye ukavu maisha yake yote. Hakuelewa kwa nini mtu atoe fedha kwenda kuutazama wa wenzake.

Mahali pamoja tu alishuka kwenye gari bila kuombwa. Kulikuwa na mwanamke wa wenyeji wa huko, wa makamo kama yeye, akiuza bangili kando ya barabara, na nyuma yake kondoo na mbuzi wakihangaika na majani makavu.

"Muulize wanawanyweshea wapi," Anastazia alimwambia Sila.

Sila akauliza. "Anasema kuna kisima. Mbali. Wanakwenda na gari kuchota."

"Pole, mama," Anastazia akamwambia yule mwanamke kwa Kiswahili. Yule mwanamke akaitikia kwa lugha yake. Walishikana mikono kwa muda, kisha Sila akasema wanachelewa.

Kila alipoanza, "Sila, kuhusu baba yako," Sila alijibu, "Tutaongea mama, tukifika." Wakafika, wakaondoka, wakafika kwingine.

Sasa theluji ilikuwa imefunga barabara. Walipanga chumba kwenye nyumba ya wageni ya karibu, mchana ule ule. Sila akatandaza ramani mezani, akaanza kutafuta njia ya kupita kesho. Anastazia alikaa kitandani, akavua viatu.

"Mimi siendi tena popote," alisema.

"Mama, bado hujaona..."

"Nimeona. Nchi yenu ni nzuri. Nimechoka, mwanangu. Tangu nimekuja unanikimbiza kama mtu anayefukuzwa. Nani anatufukuza?"

Sila aliendelea kutazama ramani. Kidole chake kilisimama mahali pamoja.

"Ile simu ilipofika," alisema, "baba alishazikwa. Nikasema, nikienda nakwenda kuona nini? Udongo? Asubuhi yake nikaenda kazini. Sikumwambia mtu. Nikasema nitalia Jumamosi. Jumamosi ikafika, nikafua nguo."

"Mpaka leo hujalia?"

"Mpaka leo."

 Ujumbe wa Ulimboka ulikuwa kooni mwa Anastazia, lakini alipomtazama kijana wake, mabega yalivyomlegea kama ya mzee, aliumeza.

"Nenda pale kwenye duka lao," alisema. "Kanunue wembe."

Sila alielewa. Kwao, baba akifa, watoto hunyolewa, na asiyenyolewa bado yumo msibani. Alirudi na nyembe za plastiki na theluji kwenye mabega. Anastazia akamkalisha kwenye kiti bafuni, akamvisha taulo, akamlowesha kichwa kwa maji ya moto na kuanza kunyoa polepole kutoka kwenye paji la uso. Wembe ulikuwa mbovu, ukajaa nywele kila mara. Alipofika utosini Sila akaanza kutetemeka.

"Tulia, nitakukata."

Hakutulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama watoto wanavyolia. Mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Anastazia akaweka wembe chini, akamkumbatia kile kichwa kilichonyolewa nusu, naye akalia. Baadaye akamalizia upande uliobaki, akasali sala fupi, akafagia nywele.

Siku zilizobaki walikaa Tucson, kwenye nyumba ya Sila. Walipika ugali wa unga wa huko, ukawa laini kupita kiasi, wakaula. Sila aliuliza baba aliumwaje, nani alikuwapo, aliongea nini mwishoni. Anastazia alimwambia yote, mengine mara mbili.

Alirudi peke yake. Ulimboka alimpokea stendi ya Dodoma, akachungulia nyuma yake.

"Yuko wapi?"

"Amebaki. Lakini amenyolewa. Nimemnyoa mwenyewe, na amelia."

"Kulia kwake kunatusaidia nini sisi?"

Anastazia alikaza khanga yake. Akamkabidhi mzigo, wakaenda kutafuta gari la Kongwa. Mvua ilikuwa imenyesha, uwele umezidiwa na magugu, na kesho yake aliamkia shambani.

Sila alikuja kipupwe kilichofuata, likizo fupi. Ulimboka alimsema vibaya siku mbili, kisha akachoka. Asubuhi ya tatu Sila alikwenda na mama yake makaburini, akachanganya saruji, akaanza kujengea kaburi la baba yake. Mstari wa kwanza wa matofali ulipinda. Anastazia aliuona, akakaa chini kwenye nyasi kavu, akamwachia ajenge.