Fungu la Aliye Njiani

Vumbi la mji wetu wa Tamba ni jekundu, Yero. Huinuka lori likipita, husimama hewani kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, kisha huingia ndani bila kupiga hodi. Hulala juu ya mito. Hulala juu ya kope za mtoto. Hulala juu ya ulimi wangu. Kila lori linalotoka upande wa Mali nalitazama lingali vumbi, kwa sababu lingali vumbi linaweza kuwa lako. Likishatoka vumbini, linakuwa la mtu mwingine.

Hapo ndipo njaa inapokuja.

Si ile njaa ya Ramadhani, yenye adabu zake, inayojua saa ya kuondoka. Hii haina saa. Inanikuta nimetoka kula, vidole bado vina harufu ya samaki, tumbo limekaza kama ngoma, na inaniuliza: kuna nini kingine? Nakula, Yero, na sishibi. Nakula, na ndani kunabaki palepale pakavu, pasipofikiwa na tonge.

Ilianza siku simu yako ilipokatika. Ulikuwa umeshavuka mpaka wa Kidira na lori lako kuingia Mali, ukaniambia barabara ni mbaya, ukasema "mwambie Takko kwamba," na sauti ikaisha. Kwamba nini? Mvua zimenyesha zikaondoka. Madereva wenzako wananiangalia viatu wanapozungumza nami. Hakuna aliyeleta habari, hakuna aliyeleta shati. Nimebaki na kwamba. Nailisha, hiyo kwamba. Mchana naipa wali, jioni naipa uji wa mtama, na bado imefungua mdomo.

Mama yako hajakuondoa kwenye chakula. Kabla mkono wowote haujaingia katika bakuli, anakata fungu lako: wali wa chini wenye ukoko, kipande cha muhogo, kichwa cha samaki. Analitia kwenye kibakuli, anafunika kwa kawa, analibeba mwenyewe mpaka chumbani kwetu.

"La Yero hili," anasema. "Asiliguse mtu."

Nami naligusa.

Mchana mtu na mkeka wake, hata mbuzi wamelala, chai inachemka pembeni kwa wanaume na kunung'unika peke yake. Naingia chumbani. Nafungua kawa. Tonge la kwanza ni wewe. Tonge la pili ni wewe. La tatu tayari ni wali tu, na mkono hausimami. Sisikii chumvi, sisikii pilipili. Nasikia taya zangu, kama mnyama mdogo anayechimba ukutani. Mlango nimeuegemea kwa mgongo. Nikimaliza nakaa sakafuni na kibakuli tupu, na kwa pumzi chache, pumzi chache tu, siogopi.

Kisha naogopa kuliko mwanzo.

Nilijaribu kusema. Usidhani sikujaribu. Lakini mimi ni wa ukoo wa Ba niliyeolewa kwenye ukoo wa Diallo, na unajua kwenu nimekuwa nini tangu siku ya harusi: mtani. Kazi ya mtani ni kutukanwa ulafi, na kazi yangu ni kuwarudishia.

"Wifi," dada yako Hawoli akaniambia siku moja nikikaza kanga, "hiyo nguo imepungua au wewe umeongezeka?"

"Imepungua. Imeona sura yako ikanywea."

"Jamani, ficheni gunia la mchele! Ba ameshaamka!"

Wakacheka, nikacheka. Na katikati ya kicheko nikaona mlango, nikautumia. Nikasema, "Hawoli, kweli nakwambia. Nakula na siwezi kuacha. Njaa yangu haiishi. Naogopa."

Hawoli akanitazama usoni. Nikadhani wamenisikia.

Kisha Hawoli akajipiga paja. "Hatimaye! Ba amekiri mbele ya mashahidi! Mama, umesikia? Mwite na jirani!" Wakaangua kicheko mpaka machozi, nami machozi yakanitoka pamoja nao, na yakaonekana ya aina moja. Hakuna mahali pa kuliweka neno hilo katika nyumba hii, Yero. Kila nikilisema linageuka utani hewani kabla halijafika sikioni.

Basi nikanyamaza. Nikala.

Lakini kuna macho yasiyocheka. Takko wetu, mwenye meno ya mbele yaliyong'oka, akaanza kumeza bila kutafuna. Akaanza kutazama mlango kabla ya kutia mkono. Siku moja nikatandua godoro lake, nikakuta chini yake wali mkavu, umekunjwa ndani ya kitambaa kwa uangalifu, kama mtu anavyohifadhi hirizi. Nikakaa na ule wali mkononi. Nikajisikia baridi katikati ya jua la Tamba. Nikajiambia: nimemwachisha ziwa, kumbe bado namnyonyesha. Namnyonyesha hofu.

Ndipo ikaja ile siku. Nilikuwa nimejiapia sitaligusa fungu lako. Watu walipolala, badala ya kuingia chumbani nikatoka barabarani. Lori lilikuwa linakuja. Nikalisubiri vumbini. Darasa la jioni limenifundisha kusoma yaliyoandikwa ubavuni mwa malori, nikasoma hili: jina la Mungu, jina la mwanamke nisiyemjua. Si lako. Njaa ikanishika mkono kama mtu anayenijua, ikanirudisha nyumbani mbiombio.

Mlango ulikuwa umeegemewa kwa ndani.

Nikausukuma. Ukasukumwa na mgongo mdogo. Nikausukuma tena, kwa bega. Takko alikuwa sakafuni, mahali pangu, kawa limetupwa, kichwa cha samaki mkononi. Macho yamemtoka. Mdomo u wazi na hautoi kitu, hata kilio, hata hewa. Kwenye bakuli la wote mimi humtolea miba mmoja mmoja, naupapasa kila mnofu kabla haujamfikia. Huku, gizani kwangu, nani angemtolea?

Sijui nilipiga kelele gani. Mama yako aliingia bila kilemba, nywele nyeupe wazi, akamshika Takko kichwa, akatia kidole kooni mpaka kifundo cha kidole kikagonga fizi, akavuta. Mwiba ukatoka na damu. Kisha pumzi. Kisha kilio. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile, na namwomba Mungu aniepushe kukisikia tena.

Takko alipoweza kusema, alininong'oneza kwa koo lililochanika. "Wewe ukila hiki, huwa hulii."

Hawoli alikuwa mlangoni, ameshika kifua. Kwa mazoea tu, kwa kutaka kutuinua, akaanza, "Huyu Ba mdogo naye..."

"Nyamaza," mama yako akasema. "Leo hakuna utani."

Basi ukapatikana upenyo. Nikasema kutoka sakafuni, "Mama, fungu la Yero nalila mimi. Kila siku. Na sishibi. Naogopa, mama. Nimemwambukiza mtoto."

Hakushtuka. Alikaa chini nasi polepole, magoti yakilia, akamfuta Takko damu kwa upande wa gauni lake.

"Najua, mwanangu. Kibakuli kinarudi kimelambwa, nitakosaje kujua? Nilikuwa nakuongezea." Akatazama pembeni. "Mwanzoni kilikuwa kinarudi kimejaa. Hapo ndipo nilipokuwa nakaribia kufa. Kilipoanza kurudi kitupu, nikauambia moyo: si unaona, kuna mtu amekuja kula."

"Usikate tena, mama. Nakuomba."

Akanishika mkono kama anayeomba. Mama yako, Yero, ambaye watoza ushuru wa sokoni humwogopa. "Nikiacha kulikata nitakuwa nimemzika. Unataka nimzike?"

"Hapana."

Nilimkumbatia mtoto nikafikiri kwa haraka, kama mtu anayezima moto. Kisha nikasema, "Basi likate. Lakini lisikae chumbani, nyuma ya mlango. Likae nje, mbele ya macho. Jua likishuka na hajafika, tulile sote. Unitazame ninapokula. Na nikitaka kuinuka na kibakuli, nishike nguo."

"Nitakushika," akasema.

Jana alinishika mara moja. Hawoli naye aliniuliza, bila kucheka, inaumaje. Nikamwambia hapa, chini ya mfupa wa kifua. Akaweka mkono hapo, akauacha.

Sijapona, nisikudanganye. Njaa ipo. Ninaposema nawe tumekaa mkekani, jua linashuka, fungu lako li katikati yetu, na mkono wangu unawaka kutaka kukimbia nalo. Natoa mwiba. Nampa Takko mnofu. Anatafuna, nahesabu naye. Natoa mwiba mwingine.

Lori linakuja kutoka upande wa Mali. Nalisikia kabla sijaliona. Vumbi linainuka, linasimama, linaanza kutujia. Siinuki. Nakifunika kibakuli kwa viganja vyangu. Takko anaweka vyake juu ya vyangu. Mama yako anaweka vyake juu ya vyetu. Tunangoja hivyo, macho tumefumba, vumbi likitupita na kututulia mikononi, wali chini yake ukiwa mweupe bado.