Gurudumu Lililopodolewa

Mkuu wa maabara alikwishakata shauri: jaribio moja la mwisho, likigonga mwamba, mtambo unang'olewa adhuhuri. Fundi wake, waliyemwita Mama Shaba, aliamkia kazini kuuandaa. Miaka kumi na moja alikuwa ameulea mtambo ule kama mwanawe wa kumzaa.

Kazi yenyewe ni ya kufumba na kufumbua. Chuma kilichoyeyushwa pamoja na madini mengine hurushwa juu ya gurudumu la shaba linalozunguka kwa kasi ya wazimu. Papo hapo huganda kuwa utepe mwembamba, kabla chembe zake hazijawahi kujipanga, na utepe wa namna hiyo hupinda bila kuvunjika. Ila kwa miezi sita sasa ulikuwa ukikatika kama biskuti, na lawama zote zikamwangukia dada anayepima mchanganyiko.

Mama Shaba akachukua kitambaa alisugue gurudumu, kama kila asubuhi. Alipenda ling'ae hadi wageni wajitazame nyuso. Kidole kikateleza kwenye shaba. Akalitazama kopo la nta aliyokuwa akiling'arishia. Alianza kuitumia lini? Miezi sita. Mungu wangu! Nta inakaa katikati ya chuma na gurudumu, joto linachelewa kuingia kwenye shaba, na chembe zinapata muda wa kujipanga zitakavyo.

Angeweza kuifuta kimyakimya, nani angejua? Akapiga moyo konde.

"Bosi, mnamlaumu dada wa watu bure. Kosa ni langu. Nimelipaka gurudumu nta nusu mwaka mzima."

"Yaani sisi tunaumiza vichwa, kumbe wewe unalipodoa?"

"Nalipodoa, bosi. Nipe nusu saa nilioshe uso."

Akalikwangua kwa msasa, akalipangusa kwa spiriti mpaka mikono ikamwasha. Kisha akawasha mtambo. Chuma kikalia fyuu, na utepe ukachomoka mzima, mrefu, ukijaza sanduku mikunjo kwa mikunjo.

Mama Shaba akaukunja mara mbili. Haukukatika. Akaupiga fundo. Mkuu akaunyakua, akauvuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka, utepe ukamshinda. Dada wa mchanganyiko akapiga ukelele, akamrukia Mama Shaba shingoni, wote wawili wakalia kwa furaha bila haya.

"Mtambo haung'oki," mkuu akasema akihema. "Sasa kwenye ripoti niandike nini?"

"Andika jina langu," Mama Shaba akajibu, kichwa juu. "Kosa langu, na utepe wangu."