Mtu Akiwaka Hasemi

Hebu niambie, mtu ambaye kidevu chake kimeshikana na kifua hunywaje chai?

Hunywa kwa mrija. Mkewe alichukua kalamu iliyokwisha wino, akautoa mrija wake, akauosha kwa sabuni na maji ya moto mpaka ukaacha kunuka. Kila asubuhi aliuchovya kwenye kikombe, akakishika kikombe chini ya uso wa mumewe kama anayemnywesha mwanambuzi. Ngozi ya shingo, tangu chini ya mdomo hadi katikati ya kifua, ilikuwa imevutika ikakakamaa, inang'aa kama nailoni iliyopitiwa na pasi ya moto. Mbele hakuweza kutazama. Watu aliwajua kwa viatu.

"Leo shati la vifungo," mkewe alisema. "La kuvalia kichwani halipiti."

"Nivalishe lolote. Kwani nakwenda kuposa?"

"Unakwenda kwa wakubwa, baba watoto. Wasione kama tumechoka."

"Lakini tumechoka."

"Najua. Wasione tu."

Mtaani na kazini walimwita Kiberiti. Kazi yake ilikuwa kuwaka. Kwenye filamu, mtu akiungulia ndani ya gari, au akiruka dirishani na moto mgongoni, basi ni yeye, kavaa nguo za mwigizaji maarufu. Chini ya nguo hizo alivaa za pamba, moja juu ya nyingine, zote zimelowekwa dawa ya baridi yenye utelezi kama bamia. Usoni na shingoni walimpaka hiyo hiyo. Nyuma ya kamera walisimama wanaume wenye mablanketi yaliyoloana. Sheria ilikuwa moja, na hata wapishi wa kambi waliijua: mtu akiwaka hasemi. Akifungua mdomo atauvuta moto hadi mapafuni. Kwa hiyo Kiberiti akitaka kuzimwa alilala kifudifudi, na mablanketi yakaja.

Miaka yote alilala, wakaja.

Hadi asubuhi moja mwongozaji wa filamu alipobadili mambo. Hakutaka tena yule mtu wa kwenye hadithi afie uani. Alitaka adondoke mlangoni, alale, afe pale pale. Alimwambia Kiberiti akiwa amekwisha kupakwa dawa, na dawa hiyo ikikauka haina kazi.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi."

Angekataaje, na wenzake wanaojua kuwaka wamejaa getini wanaomba hata siku moja ya kibarua? Kwa haraka ile hakuna aliyeuliza: sasa kulala kumekuwa kuigiza, akitaka kuzimwa afanyeje?

Moto ulimwingia kolani kabla hajafika kizingiti. Alilala. Wenye mablanketi wakamtazama mwongozaji. Mwongozaji akainua mkono.

"Bado," alisema. Halafu tena, "Bado."

Filamu ilipoonyeshwa, watu walisimama wakapiga makofi kwenye kipande kile cha mlangoni.

Vidonda vilipona, shingo ikabaki kama ilivyoshikwa. Daktari alisema ngozi ikatwe, kitiwe kiraka cha ngozi ya paja, tena mapema, kabla mifupa haijazoea kuinama, maana ikizoea hata kisu hakitasaidia. Kampuni ikajibu kwamba mtu huyu alianguka mwenyewe, kabla ya wakati. Kosa ni lake na matibabu ni yake. Kisha ikatangaza kuwa kuanzia hapo moto wote utatengenezwa na kompyuta, kwa ajili ya usalama wa wafanyakazi. Wafanyakazi wenyewe wakaachishwa kazi siku hiyo hiyo, wenye mablanketi na wapaka dawa pamoja.

"Sasa tuko salama kabisa," mmoja wao alikuja kumwambia Kiberiti. "Tutakufa na njaa, lakini hatutaungua."

Ila moto wa kompyuta watu waliucheka. Ulimkalia mwigizaji juu juu, kama shuka ya kuazima, na ngozi chini yake ilibaki nzuri kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ndipo mwongozaji akamkumbuka Kiberiti, akatuma aitwe.

Walimpokea kwenye chumba cheupe kisicho na dirisha, kamera zimepangwa kuzunguka kuta zote. Kiberiti aliona ndara za binti aliyeendesha kompyuta, kanda zake zimeshikizwa kwa pini. Kisha viatu vya ngozi visivyo na kamba, vimevaliwa bila soksi. Hivyo alivijua.

"Kiberiti, ndugu yangu. Umepungua."

"Nimepikwa, bosi. Nyama ikiiva hupungua."

Mwongozaji alicheka sana, peke yake.

"Tumeitika wito, mkubwa," mke alisema. "Sasa lile la hospitali..."

"Tumalize kazi kwanza, mama. La hospitali si langu, ni la ofisi."

"Ofisini wanasema ni lako."

"Basi nitaongea nao."

"Lini?"

"Mama." Alilisema neno hilo kama mtu anayefunga mlango polepole ili asimwamshe mtoto.

Walimvua shati. Kamera zikalia, zikalia tena. Mwongozaji alipitisha kidole hewani juu ya kifua cha Kiberiti, hakukigusa.

"Ona mikunjo hii," alimwambia binti. "Zamani mafundi walihangaika kuunda kovu kwa gundi na gelatini, hawakufika hapa. Hii ikishaingia kwenye mashine, basi. Hatutamsumbua tena mzee wa watu."

"Kwa hiyo hamtamwita tena?" mke aliuliza.

"Ndio uzuri wake. Apumzike."

"Mzee, tazama juu," binti alisema.

"Hawezi," mke alisema. "Ndicho kilichotuleta."

"Samahani, mama. Nitainua mwenyewe." Binti aliibeba kompyuta, akaiweka sakafuni, miguuni pa Kiberiti, ili naye aone. Kwenye kioo alikuwepo mtu mwenye kovu lake, na bega lake la kushoto lililo chini kuliko la kulia. Binti aligusa kitu. Mtu yule akanyanyua kidevu, akatazama dari, akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Rudia," Kiberiti alisema.

Akarudia.

"Binti, ungesomea udaktari."

Binti hakucheka. Alimtazama mwongozaji, naye mwongozaji alikuwa anatazama simu.

"Mkubwa," mke alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda, "mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ngozi mmeichukua. Mrudishieni shingo. Daktari amesema ikichelewa ndio basi."

"Mama, nikianza na huyu, kesho kila aliyewahi kukwaruzwa atapanga foleni hapo getini. Halafu tusisahau, alianguka kabla ya wakati. Tulikuwepo wote, tuliona."

Mke alimgeukia mumewe, akangoja. Ofisini mumewe alinyamaza hivyo hivyo. Hospitalini, hivyo hivyo. Kila lilipotajwa lile la kuanguka, midomo yake ilibanana kama bado anawaka.

"Mwambie basi," mke alisema taratibu. "Mimi nitakusemea hadi lini?"

Kiberiti alivitazama viatu visivyo na kamba.

"Jambo moja limebaki," mwongozaji alisema. "Lala pale, kama siku ile mlangoni."

Alipiga goti moja, kisha jingine. Mkewe alimshika kwapani hadi akalala kifudifudi, uzito wote umeegemea paji la uso, maana kidevu hakikumruhusu kulaza shavu. Sakafu ilikuwa baridi. Binti aliichukua kompyuta, akaiweka mezani, akagusa mahali, na kwenye kioo moto ukamvaa yule mtu aliyelala, ukaanzia mgongoni, ukapanda kolani, ukaingia kila mkunjo wa ngozi.

"Huo sasa ndio moto," mwongozaji alisema, karibu kwa kunong'ona. "Kaa hivyo hivyo. Usitikisike. Bado."

Mkewe alisikia neno lile, akajishika mdomo.

Uliwaka. Binti alisubiri, kidole kimening'inia. Walimwacha pale hadi mwongozaji alipotosheka.

"Haya, zima."

Kidole kikashuka. Moto ukatoweka wote kwa mara moja, bila moshi.

"Asante, Kiberiti. Amka."

Hakuamka. Alisema kitu, lakini mdomo ulikuwa umekaribia sakafu na sauti haikufika mbali, ikabidi viatu visivyo na kamba visogee hadi karibu na kichwa chake.

"Unasemaje?"

"Sikuanguka, bosi. Nililala. Nilikuwa nataka mnizime."