Kalamu ya Nundu ya Mtarakwa

…na bado anaongea, amesimama mlangoni mwa karakana na koti lake jipya, ati Kimeli uifanye laini, keshokutwa afisa wa ardhi anafika Ainabkoi na kalamu ya kutia sahihi hati lazima itoke kwa mti wa shamba lenyewe, sasa kwani mimi siujui huo mti, Paul, nundu hii ilikuwa kwenye shina la mtarakwa ule wa kando ya zizi la mzungu, baba alitundika mzinga juu yake, na nikigusisha patasi tu vumbi jekundu linaruka na harufu ya mzinga ule inanijaa puani… "Inanukia penseli," anasema, ndiyo, yeye alienda shule, mimi nikabaki na ng'ombe, ng'ombe sita ambao mwaka jana, uhuru ukiwa bado mpya, niliwaingiza kwa kampuni yake ya kununua shamba hilo la mzungu, akanishika kidole gumba yeye mwenyewe, akakichovya wino, weka hapa, rika, nikaweka, na jana Chepkoech mke wangu akasoma ile orodha ya kampuni iliyobandikwa ukutani, akairudia, akasema baba Jelagat, jina lako haliko kwa wanachama, liko huku chini kwa mashahidi… shahidi, yaani nilisimama nikashuhudia ng'ombe wangu wakienda… polepole, nundu haitaki haraka, nyuzi zake zinakwenda kila upande, ukisukuma patasi kidogo kipande kinang'oka, na Mungu anajua nataka king'oke, kimpige usoni, lakini mkono unakataa kuharibu kazi, mkono mjinga huu… "Umeniskia, rika?" nimekusikia, asubuhi yote nakusikia na nimenyamaza, kwa sababu tulitahiriwa siku moja, tukalala kibanda kimoja, na tukafundishwa kwamba mtu wa rika lako usimshtaki mbele ya watu hata akikuchoma moto… na yeye alikuwa hapo hapo, bega kwa bega nami, akifundishwa… alijua nitanyamaza, ngoja, alijua kabla hajanishika kidole, Wanyoike wa duka hakumgusa, Ogola jirani hakumgusa, hao si wa rika letu, wangesema, alimtafuta mtu ambaye mdomo wake umefungwa tayari, na mimi nikadhani ni upendo… hasira inanipanda, naiinua patasi isije ikaharibu kazi, kisha nairudisha kwenye nundu… "Kesho nitume mtu aichukue?" anauliza.

"Wacha, nitaileta mwenyewe," nasema, "keshokutwa, huko huko shambani."

"Hiyo ni sawa, rika," anasema, anafurahi, hasogei mlangoni, anaendelea na habari za koti, na mimi nachukua msasa nalainisha shingo ya kalamu, itakuwa nzuri, nitamkabidhi afisa mkononi, Chepkoech ataisoma orodha kwa sauti, na rika letu lote likiwa limesimama pale nitamwita huyu mtu mwizi.