Hamna Shida

Kuna watu hata nyumba ikiwaungulia, ukiwauliza habari watakujibu nzuri. Mama yake Sindano alikuwa mmoja wao, na simcheki, maana mimi na wewe tuko hivyo hivyo. Ila safari hii jibu lile lilimgharimu mwanawe mwaka mzima.

Jina la Sindano alipewa na wagonjwa. Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha maabara, na chuo kilimpeleka hospitali kufanya mafunzo kwa vitendo, siku sitini kamili, kila siku isainiwe na mkuu wa maabara kwenye daftari la bluu. Ikipungua hata moja, mtihani hufanyi, unarudia mwaka. Malipo? Hakuna malipo. Mtu unafundishwa, unataka ulipwe tena?

Na kufundishwa kwenyewe kulikuwa hivi: saa moja asubuhi yuko dirishani anatoa damu, mgonjwa baada ya mgonjwa, mpaka saa sita. Kisha anapaka damu kwenye vioo, anavitia rangi, anavianika, anainamia hadubini mpaka shingo inagoma, halafu anaandika majibu kwenye rejista. Fundi wa maabara aliyekuwa akifanya kazi hiyo alihamishwa mwaka juzi, na hakuletwa mwingine. Wakaletwa wanafunzi. "Wewe si mwanafunzi bwana, wewe ni mfanyakazi kamili," mkuu wa maabara alimwambia siku ya kumi. Mwisho wa mwezi, wenzake walipokwenda benki, akawa mwanafunzi tena.

Lakini mkono wake sasa! Mtoto anapiga mateke, mshipa mwembamba kama uzi, yeye anagusa kwa kidole mara moja tu, anachoma, damu hiyo inaingia kwenye kichupa. Vikongwe walikuwa wanakataa kuitwa na mtu mwingine. "Sisi tunamngoja binti wa sindano," walisema, wakakaa zao kwenye benchi. Alijivunia mkono ule kuliko cheti chochote.

Ila mkono hauli sifa. Alikuwa amepanga kitanda katika chumba cha wanafunzi wanne. Hospitalini alikwenda kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Asubuhi chai kavu, mchana maji ya bomba. Akajikaza kisabuni hivyo hivyo mpaka chuo kilipotangaza mfuko wa kuwasaidia wanafunzi walio kwenye mafunzo yasiyo na malipo: nauli, chakula na kodi ya chumba mpaka siku ya sitini. Alishukuru mpaka akakaa chini. Sharti lilikuwa moja, kwamba familia ya kila mwombaji itapigiwa simu kuthibitisha hali.

Akampigia mama yake siku ile ile. Mama alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa hapumui, anaita hata majirani wamsaidie kushona vifungo. Zikishafunguliwa, anaweka viraka tu.

"Mama, watakupigia kutoka chuoni. Waambie ukweli."

"Ukweli upi tena?"

"Kwamba huna uwezo wa kunisaidia kwa sasa."

"Nimekusikia," mama alisema, kwa sauti ya mtu aliyesikia na asipende.

Wiki mbili baadaye majina yakabandikwa ubaoni. Lake halikuwepo. Akalitafuta kutoka juu, akalitafuta kutoka chini, kisha akapanda ngazi mpaka kwa karani wa ustawi wa wanafunzi. Karani alikuwa mtu mpole, mhuri mezani, chupa ya chai pembeni.

"Mama yako nimeongea naye mwenyewe, dada," karani alisema akifungua faili. "Ana adabu mno yule mama! Nikamuuliza habari za hapo, akasema nzuri. Kazi je? Akasema tunamshukuru Mungu. Nikamuuliza, kwa hiyo hapo nyumbani hamna shida? Akanijibu, hamna shida, mwanangu."

Akaligeuza faili ili Sindano ajisomee. Kwenye mstari wa hali ya familia palikuwa na maneno mawili, kwa wino mweusi na mwandiko mzuri: Hamna shida.

"Lakini hiyo ni salamu!" Sindano alisema. "Kaka, hiyo ni salamu tu! Wewe ukiulizwa hivyo unajibuje?"

Karani akacheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaacha. "Mimi naandika nilichojibiwa. Ila kufikia Ijumaa niletee barua ya mwenyekiti wa mtaa wenu, yenye mhuri, inayoeleza hali ya mama. Nitaiingiza kama rufaa."

Sindano alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi.

"Mama, umewaambia hamna shida!"

"Sasa ningesemaje? Nina mteja mbele yangu anapima sketi ya mwanawe, na mdomo wa yule mama unaujua. Mtu ananisalimia vizuri, na mimi nianze kumlilia?"

"Hakuwa anakusalimia, mama. Alikuwa anakuuliza."

"Si angesema basi kwamba sasa anauliza!"

Na kweli, angesema. Sindano akamwomba aende kwa mwenyekiti wa mtaa, akamwambie kwa mdomo wake kwamba ana shida.

"Tangu baba yako afe sijakaa kwenye benchi la mtu kuomba," mama alisema. "Siri ya mtungi aijuaye ni kata."

"Kata ndiyo mimi, mama. Na mtungi ni mkavu."

Mama akavuta pumzi. "Nitakwenda."

Na alikwenda, tusimwonee. Alikwenda akiwa amevaa nguo yake bora na viatu vimesuguliwa vikang'aa, maana kwa mwenyekiti huendi hivi hivi. Alhamisi picha ya barua ikaingia kwenye simu ya Sindano, mhuri umekaa vizuri. Akaisoma amesimama penye sinki la kuoshea vioo.

"Mama huyu namfahamu kwa miaka ishirini," mwenyekiti aliandika. "Ni mchapakazi anayejiheshimu. Hajawahi kuomba wala kukopa kwa mtu, na mwanawe amemlea kwa jasho lake mwenyewe. Ni mfano katika mtaa wetu. Kwa hiyo naomba asaidiwe."

Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Mwenyekiti hakuwa na ubaya wowote, Mungu anajua. Kwake yeye anayestahili kusaidiwa ni mtu mwema, basi akamsifu kwa moyo wote, kama anavyowasifu wafu makaburini. Sindano alicheka peke yake mbele ya sinki, kicheko kibaya kisicho na furaha. Ijumaa karani aliisoma barua mara mbili, akaiweka chini polepole.

"Hajawahi kuomba, dada. Hata kukopa. Kamati ya mfuko nitaiambia nini?"

Jumatatu ilikuwa siku ya arobaini na moja. Tangu Jumamosi hakuwa ametia kitu tumboni zaidi ya chai. Akaletewa mtoto wa miaka miwili, anawaka homa. Akagusa mshipa, akachoma, akakosa. Akachoma tena. Mkono ulikuwa unatetemeka, akaushika kwa mkono wa pili, nao unatetemeka. Mara ya tatu mtoto alilia mpaka sauti ikapotea, na mama yake akamnyakua.

"Niache na mwanangu! Niitie yule binti wa sindano, wewe kazi huijui!"

Sindano aliitazama mikono yake kana kwamba imemsaliti, akainuka, akaenda kumwita mkuu wa maabara.

Mkuu hakumgombeza, afadhali angemgombeza. Alimwita pembeni, akamwambia, "Mtu anayetetemeka siwezi kumpa watoto wa watu. Nenda nyumbani, jipange. Hakuna shida, utarudi mwakani. Nafasi yako hapa ipo siku zote." Ipo, kwa nini isiwepo? Nafasi isiyolipwa lini imewahi kuisha?

Akakunja koti jeupe, akalitia kwenye begi pamoja na daftari la bluu lenye saini arobaini. Alikuwa getini simu ilipolia.

"Mwanangu! Habari za huko?"

Alikuwa amepanga maneno tangu Ijumaa, makali, yaliyonyooka. Amwambie kwamba heshima yake ndiyo iliyomla mwanawe. Amwambie kuhusu yule mtoto. Nyuma ya sauti ya mama, cherehani ilikuwa inakimbia kwenye mshono mrefu, na mdomo ukamjibia kabla hajauzuia.

"Nzuri, mama."

"Na ile barua? Imekubaliwa? Hamna shida?"

Akamchukia mama yake wakati ule, akampenda, akajichukia na mwenyewe, yote kwa mpigo.

"Hamna shida," alisema. Kisha, "Mama, vile vifungo vya sare, bado unatafuta mtu?"

Cherehani ikasimama. Mama hakuuliza kwa nini, na Sindano hakueleza.

"Vipo," mama alisema. "Njoo."