Masharubu ya Kalervo

Mwaka ule, mpaka Februari inakatika, Hauki, timu yetu ya hoki ya barafuni, walikuwa kichwa cha mwendawazimu: kila timu iliyotaka kujifunza kunyoa ilikuja hapa Kuusiranta ikajifunzia kwetu. Hilo liliniuma mara mbili, maana mimi ni shabiki wa Hauki tangu tumboni mwa mama, na kwa kazi ni kinyozi.

Duka langu linatazamana na ukumbi wa barafu. Barabara tu ndiyo inayotutenga. Watu huniuliza, Hilkka, mbona huingii kutazama nawe uko mlangoni? Siwezi. Nikitazama hoki mikono ikiwa mitupu, natukana. Mara ya mwisho nilimwambia mwamuzi maneno ambayo hata marehemu baba yangu, aliyenirithisha wembe na ulimi, angeyaonea haya. Nikasindikizwa nje kwa adabu na vijana wawili ambao mimi mwenyewe niliwanyoa siku ya kipaimara chao. Tangu hapo, siku za mechi naacha duka wazi jioni, nawasha redio, na namnyoa yeyote anayekubali kukaa chini ya mikono inayotetemeka.

Aliyekubali alikuwa Kalervo. Ni fundi wa misumeno mstaafu, mgane, mtu wa maneno machache. Tangu mkewe afariki alikuwa akija kila Ijumaa kunyolewa ndevu, ingawa ana mikono miwili mizima na wembe nyumbani. Anakaa, anasema "Jioni njema," ananyolewa, anasema "Asante," anaondoka. Wiki nzima nilikuwa naisubiri hiyo "jioni njema". Mume wangu mimi alikwenda Uswidi kununua gari akasahau njia ya kurudi, wala sikumtumia ramani. Lakini Kalervo nilimpenda. Basi, nimesema. Yeye ndiye nilikuwa sijamwambia, maana mdomo wangu hodari kwa waamuzi peke yao.

Mambo yalianza Ijumaa moja, Hauki wako ugenini kwa vinara wa ligi. Sisi tulikuwa tunashika mkia. Dukani tulikuwa wanne: mimi, Kalervo kitini, Seija wa duka la mikate la jirani, aliyeleta maandazi ya mdalasini, na Tapio, mwenyekiti wa chama cha mashabiki, ambaye sauti yake haihitaji kipaza sauti na mwenyewe hajui. Siku hizo alikuwa haendi hata uwanjani. Alikuwa amesusa.

Dakika ya mwisho, mabao mawili kwa mawili, nikiwa naupitisha wembe chini ya pua ya Kalervo, mtangazaji akapiga ukelele: Hauki wamefunga! Nikaruka. Nilipotua, nusu ya masharubu ya Kalervo ilikuwa sakafuni.

Masharubu yale alikuwa nayo tangu jeshini. Alioa nayo. Seija aliziba mdomo kwa andazi. Kalervo alijitazama kwenye kioo upande wa kushoto, akajitazama upande wa kulia.

"Malizia," akasema.

Nikamalizia, machozi yananilenga. Mdomo wa juu wa yule mtu haukuwa umeliona jua kwa miaka arobaini. Lakini Hauki walishinda.

Jumanne iliyofuata tulikuwa nyumbani. Haikuwa Ijumaa, kwa hiyo Kalervo hakuja. Kipindi cha kwanza tukafungwa mawili. Tapio, ambaye sasa aliacha kususa na kuanza kuamini, akaingia dukani kwangu akihema.

"Yuko wapi mtu wetu?"

"Mtu gani?"

"Hilkka, usinichezee! Yule uliyemnyoa masharubu! Timu inazama, wewe umekaa unakunywa kahawa!"

Akamleta kwa gari lake. Kalervo alikuwa kwenye sauna. Alifika na koti juu ya taulo, nywele zinatoa mvuke, akakaa kitini, akasema "Jioni njema." Nikampaka sabuni. Kabla sijafika kidevuni tulikuwa tumerudisha moja. Nilipomfuta uso tulikuwa tunaongoza tatu kwa mbili, na huko ng'ambo ya barabara paa la ukumbi lilikuwa linataka kung'oka.

Basi ikawa sheria. Mtu wa hoki akiona jambo limeleta ushindi haligusi tena. Kipa wetu alivaa soksi zilezile tangu siku hiyo, na waliokaa karibu naye walijua. Kalervo alinyolewa kila siku ya mechi, mechi ziwe tatu kwa wiki au nne. Ndevu gani zinaota kwa kasi hiyo? Nilikuwa nanyoa hewa. Nampaka povu, nalitoa povu, nampaka tena. Na Hauki wakapanda: kutoka mkiani wakawapita hawa, wakawapita wale, mpaka magazeti ya Helsinki yakaanza kuuliza Kuusiranta iko wapi.

Watu walikuja kuchungulia dirishani. Seija akaanza kuoka maandazi yenye umbo la masharubu.

"Nyoa polepole leo, dada," aliniambia. "Ukiwahi kumaliza, watatusawazishia."

"Nanyoa kama ninavyonyoa."

"Mmh. Jana ulimpaka sabuni mpaka masikioni. Masikio nayo yana ndevu?"

Nikamfukuza na taulo. Lakini ni kweli, nilikuwa na furaha mpaka naogopa. Na Kalervo alianza kuongeza maneno. Siku moja alisema, "Jioni njema, Hilkka." Siku nyingine, "Kipa yuko vizuri." Mara moja, Hauki wakiwa wamelala sita kwa moja na hakuna la kuokoa, alicheka peke yake chini ya povu akasema, "Hata wembe huchoka." Nilitembea na sentensi hiyo wiki nzima.

Sasa sikilizeni lililokuwa linanikaba. Sisi watu wa hoki tuna desturi: timu ikiingia hatua ya mtoano, wembe unakoma. Wachezaji hawanyoi, mashabiki hawanyoi, mchungaji anahubiri na vishungi kidevuni, mpaka timu itolewe au itwae kombe. Hapa Kuusiranta, tangu enzi za baba yangu, siku timu inapofuzu mwenyekiti wa mashabiki huja dukani kwetu, nyembe zote zinatiwa kwenye droo, droo inafungwa, na ufunguo anaondoka nao yeye. Ni heshima kubwa. Mara ya mwisho ilikuwa zamani, mke wa Kalervo bado hai.

Unaona mtego? Kila bao la Hauki lilikuwa linaleta karibu siku ambayo Kalervo hatakuwa na sababu ya kuvuka mlango wangu. Nikipigia timu kelele, najichimbia shimo. Ninyamaze? Hauki ni Hauki. Nilipiga kelele hivyo hivyo.

Ikaja mechi ya mwisho ya msimu, Jumamosi, nyumbani, na watani wetu wa jadi, Salmela. Nafasi ya kumi ndiyo ya mwisho ya kuingia mtoano, na sisi na wao tulikuwa tunalingana pointi. Atakayeshinda anaingia, atakayeshindwa anakwenda kuvua samaki. Kufa au kupona. Salmela walikuja na mabasi mpaka maegesho yakajaa.

Dukani hapakuwa na pa kuweka mguu. Kalervo alikuja mapema, shati limepigwa pasi. Hilo nililiona.

Tukafungwa, tukasawazisha, tukafunga, wakasawazisha. Vipindi vyote vitatu vikaisha, ikaanza nyongeza, ambapo bao la kwanza ndilo la mwisho. Mimi nilikuwa nimeshamnyoa mtu yule mara mbili, uso mwekundu kama ametoka sauna. Nikampaka povu la tatu.

"Inauma?" nikamnong'oneza.

"Endelea tu."

Kuna jambo moja kuhusu duka langu: kelele za ukumbini hufika ukutani kwangu kabla redio haijasema neno. Siku zote tunajua kuna bao, ndipo mtangazaji anatuambia la nani. Basi kelele ikaja. Vikombe vikatetemeka rafuni. Nikasimama, wembe juu, nikaacha kupumua. Elfu kadhaa wa kwetu na mabasi yote yale ya Salmela, utajuaje ni kelele ya nani?

Kisha kelele ikakatika, kimya.

"Tumekufa," Tapio akasema. Alikuwa amekataa kwenda uwanjani asije akaharibu bahati.

"Funga mdomo, Tapio!" tukamjibu wote.

Redio ikatufikia kwa mwendo wake wa kobe: Hauki wanashambulia, kile kisahani cha mchezo kinagonga mwamba, kinamgonga beki wa Salmela mgongoni, kinaingia wavuni, sijui kimevuka mstari, waamuzi wanakwenda kutazama picha. Seija alinishika mkono wenye sabuni. Kalervo alifumba macho. Na pale, redio bado inasema waamuzi wanatazama, wanatazama, ukuta wangu ukaunguruma tena, safari hii bila kukoma, na nje honi ya basi letu la timu ikaanza kulia, lile la kijani, na ile honi hakuna mtu wa Salmela anayeweza kuigusa.

Tumeingia!

Sijui nani alimkumbatia nani. Tapio alilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Seija alirusha maandazi juu, tukayaokota sakafuni na vinyweleo vyake tukayala. Mimi nilimbusu Kalervo kwenye paji la uso, ndipo nikakumbuka nina wembe mkononi na yeye bado ana povu. Hakulalamika.

Mtaani magari yalikuwa yanapiga honi, watu wanakimbilia uwanja wa soko kucheza kuizunguka chemchemi iliyoganda. Lakini Tapio alijifuta macho, akavuta koti lake likae vizuri, akanyoosha kiganja.

"Hilkka. Ufunguo."

Watu wakasogea ukutani, maana ndiyo sherehe yenyewe. Nikamaliza uso wa Kalervo, nikamfuta. Nikaosha wembe. Nikaanza kukusanya zingine, mmoja mmoja, polepole kuliko inavyohitajika.

"Hapana," akasema Kalervo.

Tukageuka.

"Hapana nini?" Tapio akauliza.

Kalervo alisimama, taulo shingoni. "Mimi ninyolewe. Nyinyi fugeni ndevu, sawa. Mimi niendelee. Ni kunyolewa kulikotufikisha hapa, au siyo? Mtu haachi jembe katikati ya shamba. Mtoano unaanza Jumatano, mimi nitakuwa hapa Jumatano, na Ijumaa, na kila siku ya mechi, na Hilkka atashika wembe, na nani atakayenizuia?"

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hatukuwahi kumsikia akisema hata robo ya hayo.

"Mzee Kalervo," Tapio akasema, sasa kwa upole, "desturi ni desturi. Wachezaji wenyewe wanaweka nyembe kando usiku huu. Tukitolewa kwa sababu ya kidevu chako, utakaa wapi mjini hapa?"

"Nitahama."

"Hilkka, sema wewe. Duka lako, droo yako."

Wote wakanitazama mimi. Moyo ulitaka niseme: mwacheni, namtaka kitini pangu. Lakini baba yangu aliifunga droo ile hata mwaka tulioishi kwa viazi, na mimi ni Hauki tangu tumboni. Nikatia wembe wa mwisho, nikafunga, nikampa Tapio ufunguo.

"Atafuga kama wengine," nikasema.

Makofi yakapigwa. Uso wa Kalervo ulishuka, ule uso laini nilioujua kila kona yake. Watu wakamwagika nje wakiimba. Seija, aliyekuwa wa mwisho, alinitazama mimi, akamtazama yeye, akamvuta kwa ukosi Tapio aliyetaka kurudi kuchukua kofia, akafunga mlango.

Kalervo alivaa koti, kifungo kimoja kimoja. "Asante," akasema, akashika kitasa.

Nilitazama rafu yangu. Brashi. Taulo. Birika.

"Kalervo," nikasema. "Sabuni haikufungiwa."

Akageuka. "Sabuni bila wembe?"

"Na taulo la moto. Na kahawa ipo."

Akafikiri. Yule mtu hufikiri kama anavyonoa msumeno, jino kwa jino.

"Basi nitakuja Jumatano. Kwa ajili ya mechi."

"Njoo kesho."

"Kesho hakuna mechi, Hilkka."

"Najua. Ratiba naijua kuliko wewe."

Huko sokoni walikuwa wanaimba wimbo wa Hauki, wamekosea maneno kama kawaida. Kalervo alisimama mlangoni, akajipapasa mdomo wa juu mahali masharubu yalipokuwa. Kisha akaanza kufungua vifungo, akalitundika koti msumarini, akarudi kukaa kitini pake.

"Kesho ni mbali," akasema.